Dalali akifika, simu iwe imeshapiga hesabu

Ukiiacha barabara kuu ya Mombasa pale Salama na kupanda vilima vya Kilungu kuelekea Nunguni, joto hubaki nyuma na mashamba huanza kuning'inia kwenye miteremko. Nyuma yako, upande wa Malili, ndiko kuliko na Konza, mji wa teknolojia ambao Rais Mwai Kibaki aliuzindua Januari 2013. Mkulima wa Nunguni hakuungojea. Teknolojia ilimfikia tangu 2007 kupitia M-Pesa, tena katika simu ya mulika mwizi.

Leo wengi wamehamia simu za kisasa, na hapo ndipo ninapoona hasara. Mtu hutoa maelfu ya shilingi kununua simu, kisha huitumia kwa WhatsApp, Facebook na video za kuchekesha tu. Burudani si dhambi. Lakini simu hiyo hiyo ingeweza kumwongezea pesa kwenye parachichi zake.

Tuanze na hizo parachichi. Dalali akija shambani hununua kwa tunda. Mwenye shamba hulinganisha bei hiyo na aliyopewa jirani, basi. Wizara ya Kilimo ina tovuti iitwayo KAMIS inayoonyesha bei za mazao katika masoko mbalimbali nchini, za jumla na za rejareja, na haitozi senti. Tatizo ni kwamba bei zake ni za kilo, na dalali haongei lugha ya kilo. Kwa hiyo pima mwenyewe. Tunda la wastani la aina ya Hass lina gramu 200 hivi, yaani matano hufanya kilo. Tuseme dalali anakupa shilingi 12 kwa tunda: amenunua kilo kwa 60. Toa gharama ya lori, toa matunda yatakayoharibika njiani, toa faida yake ya haki, kisha tazama bei ya Nairobi. Kikokotoo kilichomo kwenye kila simu kinatosha. Dalali naye ana kazi yake na hatari zake, wala sisemi afukuzwe. Nasema mazungumzo huwa tofauti pale muuzaji anapojua kilo yake inauzwa kwa ngapi.

Kwenye mahindi, kuna apu iitwayo PlantVillage Nuru. Iliundwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani kwa kushirikiana na FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, na watafiti wa taasisi ya kilimo ya IITA, ikaanza na magonjwa ya mihogo, halafu viwavijeshi vamizi walioingia Kenya 2017. Unaielekeza kamera kwenye jani, nayo inakuambia inachokiona, hata kwa Kiswahili. Jambo ninalolipenda zaidi ni kwamba ukishaipakua, haihitaji intaneti shambani. Kwa vilima ambavyo mtandao hupotea ukishuka bondeni, sifa hiyo ina thamani kuliko mapambo yote ya apu nyingine.

Hesabu za shamba pia ziko mkononi tayari. Piga *334#, omba taarifa yako ya M-Pesa, itatumwa kwenye baruapepe. Humo mna kila kibarua uliyemlipa kwa simu, kila mfuko wa mbolea, kila malipo ya dalali. Yahamishie kwenye Google Sheets, safu ya tarehe, ya kilichoingia na ya kilichotoka. Nayo pia hufanya kazi bila bando ukiiwekea hivyo. Mwisho wa msimu utajua kama kabeji zilikulipa au ulizilipa wewe.

Kwa wazee wanaosumbuliwa na vitufe vidogo, kibodi ya Gboard inaandika Kiswahili kinachotamkwa tangu 2017. Bonyeza alama ya maikrofoni, sema, soma, tuma. Na kama simu imejaa picha za salamu za asubuhi, ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp uzime upakuaji wa picha na video wa moja kwa moja. Bando litadumu, na nafasi ya Nuru itapatikana.

Kuna apu ambazo ningependa ziondolewe leo. Nazungumzia zile za mikopo zinazodai kusoma orodha ya watu wako wote kabla ya kukupa shilingi 500. Ukichelewa kulipa, shemeji na mwalimu wa mtoto wanapigiwa simu. Hiyo ni kudhalilisha watu, na kanuni za Benki Kuu ya Kenya za 2022 zimeikataza. Benki hiyo huchapisha majina ya wakopeshaji wenye leseni. Tafuta humo kwanza jina la kampuni yenye apu, kisha tazama apu inaomba ruhusa gani. Mkopeshaji ana haja gani na namba ya mama mkwe wako?

Kompyuta nazo bado wengi huzifuata saiba: ripoti za KRA kabla ya Juni 30, huduma za eCitizen, maombi ya vyuo ya KUCCPS. Vijana wa saiba husaidia sana, ila nywila andika kwa mkono wako mwenyewe, usiiache kwenye daftari lao, na hakikisha umetoka kwenye akaunti kabla ya kuinuka kitini.

Kwa chama au shule inayoweza kununua kompyuta iliyotumika, LibreOffice ni ya bure na hufanya karibu kila kazi ya barua na hesabu bila kuhitaji intaneti. Kisha ipo Kiwix, ambayo hubeba Wikipedia nzima ndani ya faili. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003, ni ndogo kiasi cha kuingia kwenye flashi ya kawaida. Mwalimu anaweza kuipakua mara moja akiwa Wote au Machakos, akarudi nayo Kilungu mfukoni na kuiweka kwenye kila kompyuta ya shule, na wanafunzi wakasoma muhula mzima bila mtu kununua bando.