Ghala la Tajiri na Mapenzi ya Mungu

Dominika ya 18 ya Mwaka C
Masomo: Mhu 1:2, 2:21-23. Kol 3:1-5, 9-11. Lk 12:13-21.



Dominika hii ya 18 huangukia kila mara kati ya tarehe 31 Julai na tarehe 6 Agosti. Katika sehemu nyingi za nchi yetu, hasa kwenye nyanda za juu za kusini, huo ndio wakati ambapo mahindi yamekauka, magunia yashonwa, vihenge vyafagiliwa, na wakulima wajiandaa kwa sikukuu yao ya Nane Nane. Kwa hiyo Mama Kanisa, anapotusomea mfano wa mtu ambaye shamba lake lilizaa sana, atusomea habari tunayoielewa upesi. Nani kati yetu asiyejua furaha ya kuona chakula cha mwaka mzima kimewekwa salama chini ya paa? Basi twajiuliza: kosa la mtu huyu ni lipi, hata Mungu amwite mpumbavu?

Swali hili si dogo. Tukilijibu vibaya, tutawafundisha watu kwamba kulima kwa bidii ni dhambi, au kwamba maskini ni mtakatifu kwa sababu tu ya umaskini wake. Injili haisemi hivyo. Luka hatuambii kwamba mtu huyo aliiba, wala kwamba aliwadhulumu vibarua wake, wala kwamba alitumia mizani ya uongo. Mali yake ilitoka ardhini, na mvua ilitoka kwa Mungu. Hatuna budi kulitafuta kosa lake mahali pengine.

Mfano huu ulitanguliwa na ugomvi wa ndugu. Mtu mmoja katika umati alimwomba Yesu amwamuru ndugu yake agawane naye urithi. Twamfahamu mtu huyo, maana ugomvi wa namna hii haujaisha. Twaujua katika familia ambazo, hata kabla ya matanga kuanuliwa, mashemeji wameanza kuhesabu mabati ya nyumba na miti ya kahawa, na mjane yuko ndani akiwasikia. Yesu alikataa kuwa mwamuzi wao. Tusidhani alikataa kwa sababu haki haina maana. Mjane na yatima wana haki ya kutetewa, na Maandiko Matakatifu yawatetea tangu Agano la Kale. Lakini aliona kwamba hata shamba likipimwa kwa kamba na kugawanywa sawasawa, ugonjwa utabaki palepale. Mahakama yaweza kugawa shamba. Haiwezi kuponya choyo. Ndiyo maana aliwageukia watu wote akawaonya wajilinde, kisha akawasimulia habari za yule tajiri.

Sasa tuyatazame maneno ya tajiri mwenyewe, maana humo ndimo kosa lake linamojificha. Ajiuliza mwenyewe afanye nini, ajijibu mwenyewe, na mwishowe asema na nafsi yake na kuiahidi raha ya miaka mingi. Ataja mavuno yake, maghala yake, mali yake na nafsi yake. Katika maneno hayo yote hamna mke wala mtoto, hamna jirani, hamna kibarua aliyevuna, hamna maskini apitaye njiani. Wala hamna Mungu, hata neno moja la shukrani kwa mvua. Mtu huyu alijua kupiga hesabu, lakini katika hesabu zake alikuwamo yeye peke yake. Hilo ndilo kosa lake. Ndipo Mungu alipomjia usiku ule ule, naye akajua kwamba hata ile nafsi aliyoiita yake ilikuwa ya kuazimwa, na Mwenyewe ameidai.

Kumbe basi, kuziacha tamaa za dunia na kuyaelekea mapenzi ya Mungu kwaanzia hapo: kumrudisha Mungu na jirani katika hesabu zetu za kila siku. Tulifafanue jambo hili hatua kwa hatua, ili nanyi makatekista wetu mpate kulifafanua vigangoni.

Kwanza, tuelewe tamaa ni nini. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotangazwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1992, inapoeleza amri ya kumi (namba 2535) yafundisha kwamba kutamani kinachotupendeza, kama mwenye njaa atamanivyo chakula au mwenye baridi atamanivyo joto, ni jambo jema kwa lenyewe. Ubaya waingia pale tamaa inapovuka mpaka wa akili na kutusukuma kutaka, isivyo haki, kilicho cha mwingine. Kwa hiyo mama anayetaka mwanawe asome, na kijana anayetaka kujenga nyumba kabla ya kuoa, wasihukumiwe kuwa watu wa dunia. Mungu ndiye aliyetuumba na haja hizo. Lakini mto ulio mwema kwa shamba, ukivunja kingo zake, huondoka na shamba lenyewe.

Mtume Paulo, katika somo la pili, asema kwamba tamaa ya mali ni ibada ya sanamu. Neno hilo ni kali, lakini ni la kweli. Sanamu ni kitu chochote ambacho mtu hukitegemea kimpe uzima na usalama ambao Mungu peke yake aweza kuutoa. Tajiri wetu aliliambia ghala lake mambo ambayo mwamini humwambia Mungu: kwamba sasa yu salama, kwamba haogopi kesho. Naye Mhubiri, katika somo la kwanza, atukumbusha kwamba mtu hufanya kazi kwa akili na maarifa, kisha humwachia sehemu yake mwingine ambaye hakuitokea jasho. Wahenga wetu walilijua jambo hilo waliposema: tamaa mbele, mauti nyuma.

Pili, tuelewe mapenzi ya Mungu ni nini. Hapa tuna desturi moja inayohitaji kurekebishwa. Mtu akifiwa, au mazao yakiungua kwa jua, twasema kwamba ni mapenzi ya Mungu. Lakini mtoto akifaulu mtihani, au kisima kikipata maji, au ndugu waliokosana wakipatana, mara nyingi hatusemi hivyo. Matokeo yake ni kwamba mapenzi ya Mungu yametufanana na msiba, na mtu anayeambiwa ayafuate hushtuka kama mtu aliyeletewa habari ya kifo. Hii si imani ya Kanisa. Mungu ataka wokovu wetu. Ataka tuishi, tupendane na tumfikie. Kila siku, tusalipo sala aliyotufundisha Bwana, twaomba hilo alitakalo lifanyike hapa duniani kama lifanyikavyo mbinguni, ambako halimwumizi mtu.

Tena tumtazame Kristo mwenyewe. Usiku ule kwenye mlima wa Mizeituni aliomba kikombe kimwondokee. Hakujifanya kwamba hapendi kuishi. Aliyaweka mbele ya Baba yale ambayo moyo wake wa kibinadamu uliyatamani, kisha akayaweka chini ya mapenzi ya Baba. Mababa wa Mtaguso wa Tatu wa Konstantinopoli, uliofanyika kuanzia mwaka 680 hadi 681, walifundisha kwamba katika Kristo mna utashi wa namna mbili, wa Kimungu na wa kibinadamu, na kwamba utashi wake wa kibinadamu haupingani na ule wa Kimungu bali waufuata. Mafundisho haya si ya wasomi peke yao. Maana yake kwetu ni kwamba Mungu hatuombi tuwe watu wasio na matakwa. Atuomba tumletee matakwa yetu, nasi tukubali ayapange.

Tatu, tutayatambuaje mapenzi hayo? Mahali pa kwanza pa kuyatafuta ni amri za Mungu na wajibu wa hali ya maisha ya kila mmoja. Baba wa familia hahitaji maono ili ajue kwamba ada ya shule hutangulia kilabu cha pombe. Lakini yapo mambo ambayo pande zote mbili zaonekana njema, nasi hatujui tuchukue lipi. Hapo Mtakatifu Inyasi wa Loyola, ambaye Kanisa humwadhimisha tarehe 31 Julai, aweza kutusaidia.

Inyasi alikuwa askari wa Kihispania, mpenda sifa. Tarehe 20 Mei 1521, katika vita vya Pamplona, alipigwa na risasi ya mzinga mguuni. Mfupa ulipounga vibaya na kutokeza nje, aliwataka waganga waukate, ingawa maumivu yalikuwa makali mno, kwa sababu hakutaka aibu ya mguu usiopendeza ndani ya buti. Alipokuwa kitandani aliomba vitabu vya hadithi za mashujaa. Havikupatikana nyumbani humo. Akapewa kitabu cha maisha ya Kristo na kingine cha maisha ya watakatifu. Siku zikapita, naye akaanza kuona tofauti. Alipowaza juu ya sifa na vita, alifurahi wakati wa kuwaza, lakini baadaye moyo ulibaki mkavu. Alipowaza juu ya kumfuata Kristo kama watakatifu walivyofanya, alifurahi wakati wa kuwaza, na furaha ikabaki naye hata baada ya mawazo kwisha. Kwa njia hiyo alijifunza kwamba tamaa isipimwe kwa utamu wake inapokuja, bali kwa kile inachotuachia inapoondoka.

Ndugu wapendwa, kipimo hiki chaweza kutumiwa na yeyote, hata asiyejua kusoma. Twashauri kwamba kila jioni, kabla ya kulala, na kabla ya kila uamuzi mkubwa wa fedha au mali, tujiulize maswali matatu. Swali la kwanza: katika hesabu hii yumo nani mwingine zaidi yangu? La pili: je, naweza kumshukuru Mungu kwa jambo hili kwa sauti, mbele ya mwenzangu wa ndoa na watoto wangu, bila kuona haya? La tatu: nikiitwa usiku huu, jambo hili litawaachia nini wale ninaowaacha?

Tuyajaribu maswali hayo. Kijana ataka kukopa fedha nyingi ili harusi yake ipite ya jirani yake. Ndoa ni sakramenti, na furaha ya harusi ni halali. Lakini katika hesabu hiyo, je, yumo bibi harusi, ambaye miaka miwili ya kwanza ya ndoa atakuwa akilipa deni la siku moja? Ndugu wakaa kugawa urithi wa marehemu kaka yao. Je, yumo mjane? Wamo watoto, ambao ni damu ya kaka yao? Wasipokuwamo, basi ukoo huo umerudia maneno ya yule tajiri, hata kama kikao kilifunguliwa kwa sala. Mkulima aona kihenge chake kimejaa na kufurika. Je, yumo yule bibi kizee wa jumuiya yenu ndogondogo ambaye shamba lake halikulimwa kwa sababu ya ugonjwa?

Mtakatifu Basili, askofu wa Kaisaria katika karne ya 4, alihubiri juu ya mfano huu huu wa ghala. Mafundisho yake hayakuwa laini: chakula kinachozidi nyumbani mwako ni cha mwenye njaa, nguo inayolala sandukuni ni ya aliye uchi, viatu vinavyooza ni vya apitaye pekupeku. Tena alionyesha kwamba maghala mapana kuliko yote yamekwisha kujengwa, nayo ni nyumba za maskini. Basili hakuishia kwenye maneno. Alijenga nje ya mji wake mahali pa kuwatunzia maskini na wagonjwa.

Labda mtu atasema: mimi sina kihenge wala shamba, maneno haya ni ya matajiri. La, ndugu yangu. Yule mtu wa umati alikuwa bado hajapata kitu, naye ndiye aliyeonywa kwanza. Choyo chaweza kukaa katika nyumba ya nyasi, na ukarimu waweza kukaa katika nyumba ya mabati. Kinachotazamwa na Mungu ni nani tunayemkumbuka tunapopata, na nani tunayemkumbuka tunapokosa.

Wala tusidhani kwamba tutaweza haya kwa nguvu zetu. Paulo, kabla ya kutuamuru tuzifishe tamaa, atukumbusha kwamba kwa ubatizo tumefufuka pamoja na Kristo. Neema hutangulia juhudi. Ndiyo maana twahitaji sakramenti ya Kitubio, ambamo twafungua hesabu zetu bila kuficha, na Ekaristi Takatifu, ambamo Kristo, aliyekuwa na vyote, hakujiwekea kitu bali alijitoa mzima awe chakula chetu. Leo, vipaji vinapopelekwa altareni, wengine kati yenu watabeba mahindi na maharage ya mavuno haya. Mnapovipeleka, vipelekeni pamoja na jina la mtu mmoja mliyemsahau katika hesabu zenu, nanyi mmfikie kabla ya Dominika ijayo.

Tumwombe Mungu atujalie kutamani anachotaka yeye, na kushukuru kwa anachotupa, ili siku atakapoitaka roho yetu, atukute tumekwisha kumpa.

Amina.