Jumla ya alama isikutishe

Chukua machaguo matatu, A, B na C, uyapime kwa vigezo vitatu vyenye uzito sawa. B anashinda: 0.47 dhidi ya 0.45 za A. Sasa ongeza D, ambaye ni nakala kamili ya B, hana jipya hata kidogo. Piga hesabu upya. A sasa anaongoza kwa 0.37, B na D wanapata 0.29 kila mmoja. Mshindi kaangushwa na pacha wake!

Mfano huo waliuchapisha Valerie Belton na Tony Gear mwaka 1983, na uliwasha mabishano ya miaka mingi. Walikuwa wanaijaribu mbinu ya AHP ya Thomas Saaty, mzaliwa wa Mosul, Iraq, aliyefanya kazi Marekani. Mbinu hiyo hulinganisha vitu viwili viwili kwa kipimo cha 1 hadi 9, kisha hesabu hutoa uzito wa kila kimoja. Miongoni mwa kazi zake za mwanzo, katika miaka ya 1970, ilikuwa kupanga miradi ya usafiri nchini Sudan. Mbinu ni nyepesi kueleweka, ndiyo maana ilienea haraka.

Wazo lenyewe la kupima mambo kabla ya kuamua ni la zamani. Mwaka 1772 Benjamin Franklin alimshauri Joseph Priestley kwa barua agawe karatasi pande mbili, faida huku na hasara kule, afute zinazolingana uzito. Hesabu nzito zilikuja baada ya Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1976 watafiti wawili, Keeney na Raiffa, wakatoa kitabu cha kuamua kwa vigezo vingi ambacho wataalamu bado wanakirejea.

Huko Paris walishika njia nyingine. Bernard Roy, katika mbinu ya ELECTRE aliyoichapisha mwaka 1968, hakutaka kila kitu kijumlishwe. Kwake kasoro moja ikizidi, ina kura ya turufu. Fikiria kiwanja Kibaha: maji yapo, barabara ipo, bei nzuri, ila hati ina utata. Kwenye jumla ya alama kinaweza kuongoza. Kwa Roy hakipiti.

Mimi niko upande wa Roy. Alisema kazi ya mtaalamu ni kumsaidia mwamuzi, si kuamua kwa niaba yake. Kwa hiyo ukiletewa alama na ndugu, dalali au mshauri wa mradi, muulize kwanza nani aliyepanga uzito wa vigezo, na kasoro gani haivumiliki.