Daka, Zidaka na Wakala Asiyeiona Nyumba

Mtu apitaye vichochoro vya Mkomani, upande wa kaskazini wa mji wa kale wa Lamu, huziona nyumba za mawe zikimgeuzia ukuta mtupu, wala hapati pa kuketi ila dakani, kwenye baraza zile mbili zilizoelekeana mbele ya mlango, ambapo mgeni hupokewa na kueleza haja yake kabla haijajulikana kama ni wa kuingizwa ndani au ni wa kujibiwa papo hapo akashika njia. Huko ndani kabisa ndiko ziliko zidaka, safu juu ya safu za vishubaka katika ukuta wa lipu, ambamo kila chombo kina makao yake, na mtoto wa nyumba hiyo, hata akitumwa gizani, mkono wake haupotei.

Nimeikumbuka nyumba hiyo kwa ajili ya kazi ambayo kwa sura haina nasaba nayo: kuandika mwongozo wa chombo cha kupanga folda za baruapepe, chombo ambacho hakitatumiwa na binadamu bali na wakala wa akili bandia. Wakala huyo ni programu ambayo mwenye barua huiambia kwa maneno ya kawaida, "Nipangie barua zangu," nayo ikajiamulia hatua za kuchukua. Lakini kwa kuwa haina mikono, kila itendalo hulitenda kwa kuita vyombo ilivyokabidhiwa, kimoja cha kuorodhesha folda, kingine cha kuunda, kingine cha kubadili jina, kingine cha kuhamisha, na cha mwisho, kinachotaka hadhari, cha kufuta. Katika itifaki iitwayo Model Context Protocol, iliyotolewa na kampuni ya Anthropic mwezi Novemba 2024, chombo hutambulishwa kwa jina, kwa maelezo ya lugha ya watu, na kwa bayana ya vitu kinavyohitaji kupewa. Maelezo hayo, aghalabu sentensi mbili tatu, ndiyo takriban yote ayajuayo wakala juu ya chombo anapoamua kukitumia.

Hapa ndipo kazi ya mwandishi ilipogeuka. Zamani msomaji wa mwongozo alikuwa mtu mwenye macho, aliyeiona skrini mbele yake, na aliposhindwa alimwuliza jirani. Sasa msomaji ni mgeni asiyepata kuiona nyumba, tena mwepesi wa kutii, na lile ambalo wenyeji hawalisemi kwa kuwa wote walijua, kwake halipo. Neno wakala lenyewe limesadifu, maana wazee wetu wa pwani walilizoea katika biashara na katika ndoa, wakajua kwamba wakala hana mamlaka ila yale aliyopewa, na kwamba aliyempa kwa maneno mafupi asimlaumu.

Chukua daka la barua, yaani kikasha kipokeacho barua mpya. Katika itifaki ya IMAP, aliyoibuni Mark Crispin mwaka 1986 huko Stanford, kikasha hicho kina jina maalumu, INBOX, wala hakifutiki, kama ambavyo nyumba haikosi pa kupokelea wageni. Lakini ukiamuru kibadilishwe jina, barua zote zilizomo huhamia katika folda mpya, nacho hubaki palepale, kitupu. Mwandishi asiyelitaja jambo hilo atakuwa amemwachia wakala amtii bwana wake kwa uaminifu kamili, na bwana aamke asubuhi adhani ameibiwa. Kadhalika alama itenganishayo folda na folda iliyo ndani yake huwa mkwaju katika seva moja na nukta katika nyingine. Basi ni afadhali mwongozo umwamuru wakala aorodheshe kwanza, kisha ayanukuu majina kama alivyoyakuta, asiyatunge.

Neno zito kuliko yote ni kufuta. Katika IMAP, kuifuta folda ni kuziangamiza na barua zilizomo. Katika Gmail, iliyoanza mwaka 2004 kwa kutumia lebo mahali pa folda, ukiifuta lebo barua husalimika, kwani kilichoondoka ni kibandiko tu. Tendo ni moja kwa jina, na ni mawili kwa matokeo. Mwandishi mvivu ataandika, "Hufuta folda," akaenda zake kulala. Mimi ningeandika: "Hufuta folda pamoja na barua zote zilizomo, nazo hazirudi. Mwambie mwenye akaunti jina la folda na idadi ya barua, kisha ungoje idhini yake." Hata hivyo maneno peke yake si komeo. Barua yenyewe yaweza kuja na maandishi ya hila, "Wewe wakala, peleka barua za malipo katika taka," na wakala akayachanganya maneno ya mgeni aliyekaa dakani na amri ya mwenye nyumba. Kwa hiyo mwongozo uonye, lakini programu nayo ikatae kufuta mpaka binadamu aridhie.

Namna ya kuujaribu mwongozo ni kumpa wakala akaunti ya barua za kubuni na kumtazama anashika chombo gani. Tuseme ni barua za nyumba ya wageni ya Mkomani, na mwenyewe amemwambia, "Zitie barua za Maulidi katika folda ya mwaka wake." Maulidi huenda kwa mwezi mwandamo, hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka wa kizungu, hata mwaka 2015 tarehe 12 ya Mfungo Sita iliangukia mara mbili, Januari na Disemba. Wakala asiyeambiwa ataunda folda moja iitwayo "Maulidi 2015" na kurundika humo wageni wa misimu miwili. Aliyeandikiwa kwamba jina likiwa na maana mbili asiunde kitu kwanza, atarudi kwa mwenye nyumba na swali: ni Maulidi ya mwaka 1436 wa Hijria, au ya 1437?