Kitabu kisichosomeka: Utata kuhusu asili ya mswada wa Voynich

Asiyejua maana, haambiwi maana. Ndivyo walivyonena wahenga. Lakini je, itakuwaje iwapo maana yenyewe haijulikani na mtu yeyote duniani?

Katika maktaba ya Beinecke ya Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, kumehifadhiwa kitabu kidogo cha ngozi ambacho hakuna aliyethibitisha kuwa anaweza kukisoma, japo sentensi moja. Katika orodha ya maktaba hiyo kimepewa nambari MS 408, ingawa wengi wanakifahamu kwa jina la mswada wa Voynich. Kina kurasa takriban 240, na karibu kila ukurasa umejazwa maandishi ya mkono yasiyofanana na alfabeti yoyote ijulikanayo. Pembeni mwa maandishi hayo mna michoro ya mimea ambayo mingi haijatambulika, duara za nyota na buruji, na wanawake walio uchi wakioga katika vidimbwi vya maji ya kijani.

Jina la mswada huu linatokana na Wilfrid Voynich, mfanyabiashara wa vitabu vikuukuu aliyezaliwa katika Milki ya Urusi, akakimbilia Uingereza na kufungua duka jijini London. Mnamo 1912 aliununua kutoka kwa watawa wa shirika la Wajesuiti nchini Italia, katika jumba la Villa Mondragone lililoko Frascati, karibu na Roma. Voynich alifariki 1930 bila kupata mnunuzi wala msomaji. Mwaka 1961 mswada uliuzwa kwa dola 24,500 kwa mfanyabiashara Hans P. Kraus, ambaye naye alishindwa kuuuza, na mnamo 1969 akautoa kwa Yale kama zawadi.

Barua ya Prague

Swali la nani aliuandika lilizuka mapema. Ndani ya mswada mlikuwa na barua iliyoandikwa katikati ya miaka ya 1660 na Johannes Marcus Marci, tabibu na msomi wa Prague, akimtumia kitabu hicho Athanasius Kircher, Mjesuiti wa Roma aliyesifika kwa ujuzi wa lugha. Marci alieleza kuwa aliwahi kuambiwa kwamba kitabu hicho kilikuwa mali ya Mfalme Rudolf wa Pili, aliyetoa dukati 600 kukipata. Aliambiwa vilevile kuwa mwandishi alikuwa Roger Bacon, mtawa na mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 13.

Voynich aliikumbatia kauli hiyo kwa mikono miwili. Hilo si ajabu, kwani kitabu cha Bacon kingekuwa na thamani kubwa mno sokoni. Mnamo 1921 Profesa William Newbold wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alitangaza kuwa ameyafumbua maandishi hayo, na kwamba yanaonyesha Bacon alikuwa na hadubini na darubini karne kadhaa kabla ya vyombo hivyo kuvumbuliwa. Magazeti yalishangilia. Miaka kumi baadaye, mnamo 1931, msomi John Manly alidhihirisha kuwa vialama vidogo ambavyo Newbold alivisoma kama herufi za siri vilikuwa tu nyufa za wino uliokauka juu ya ngozi. Newbold alikuwa amekwisha kufariki, na kazi yake yote ikaporomoka.

Vipimo vya maabara

Pigo kubwa kwa dai la Bacon lilitoka maabara. Mnamo 2009, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Arizona walikata vipande vidogo kutoka kurasa nne na kuvipima kwa njia ya kaboni. Matokeo yalionyesha kuwa ngozi hiyo ilitokana na wanyama waliochinjwa kati ya 1404 na 1438. Bacon alikuwa amefariki zaidi ya karne moja kabla ya wakati huo.

Hata hivyo, ipo haja ya kuelewa kipimo hicho kinasema nini na hakisemi nini. Kaboni hutoa umri wa ngozi. Haitoi umri wa maandishi. Mlaghai angeweza kupata ngozi kuukuu iliyo tupu na kuiandikia baadaye. Ndiyo maana wapo waliomshuku Voynich mwenyewe, na wengine wakawataja Waingereza John Dee na Edward Kelley, waliotembelea Prague katika karne ya 16.

Shaka dhidi ya Voynich hazina mashiko makubwa. Mnamo 1639 Georg Baresch, mkazi wa Prague aliyejishughulisha na alkemia, alimwandikia Kircher akikieleza kitabu cha mwandiko usiojulikana, chenye picha za mimea na nyota. Barua hiyo imehifadhiwa Roma miongoni mwa nyaraka za Kircher. Aidha, ukurasa wa kwanza una saini iliyofifia ya Jacobus de Tepenec, aliyemhudumia Rudolf na kufariki 1622.

Kuhusu mahali, michoro yenyewe inatoa dokezo. Mmojawapo unaonyesha ngome ambayo kuta zake zina meno yaliyopasuliwa mfano wa mkia wa mbayuwayu, mtindo uliokuwa maarufu kaskazini mwa Italia. Kwa hivyo wasomi wengi wanaelekea kukubaliana kuwa mswada ulitengenezwa Ulaya katika karne ya 15, ingawa aliyeuandika hajulikani.

Lugha au upuuzi?

Utata mkubwa zaidi umesalia katika maandishi. William Friedman, Mmarekani aliyeongoza kikosi kilichofumbua mawasiliano ya siri ya Japani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, aliyachunguza kwa miaka mingi na kuhitimisha kuwa huenda ni lugha ya kubuni. Mnamo 2004 Gordon Rugg wa Uingereza alionyesha kuwa kwa kutumia jedwali la silabi na kadi yenye matundu, mtu anaweza kutunga maneno yanayofanana na hayo pasipo kuwa na maana yoyote. Lakini mnamo 2013 watafiti Marcelo Montemurro na Damián Zanette walibaini kuwa baadhi ya maneno hukusanyika katika sehemu fulani za kitabu, jinsi yafanyavyo maneno katika maandishi yenye mada.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Wapo waliodai kuwa lugha hiyo ni Kiebrania, wengine Kinahuatl cha Mexico. Mwaka 2019 mtafiti mmoja alidai kuwa ni lugha iliyozaa Kiitalia na Kifaransa. Siku chache baada ya kuitangaza habari hiyo, Chuo Kikuu cha Bristol kilijitenga nayo kufuatia pingamizi za wataalamu.

Mizani ya kupimia madai kama hayo ni rahisi. Ufunguo wa kweli sharti ufungue kila ukurasa, si maneno kumi yaliyochaguliwa. Na sharti mtu mwingine akiutumia apate matokeo yale yale. Kufikia sasa hakuna ufunguo uliofaulu mtihani huo.

Marci mwenyewe, alipomweleza Kircher habari za Bacon, aliongeza kuwa hangetoa hukumu kuhusu jambo hilo. Takriban miaka 250 baadaye Voynich aliisoma barua hiyo hiyo, akalishika jina la Bacon na kuiacha tahadhari ya aliyelitaja.