'Mbegu sugu' ni sugu kwa nini? Funzo la kilugha kutoka mizizi ya matikiti

Neno 'sugu' limetwikwa kazi nyingi mno katika Kiswahili cha leo. Kiasili, sugu ni ngozi iliyokomaa kwa kusuguliwa: sugu ya kiganja cha mkulima, sugu ya kisigino. Kutoka hapo tukapata mhalifu sugu, asiyesikia onyo, na ugonjwa sugu, usiosikia dawa. Siku hizi wahudumu wa afya wanatuonya kuhusu usugu wa vimelea dhidi ya dawa, huku wauzaji wa pembejeo wakitunadia 'mbegu sugu'. Yaani adui ni sugu, na askari tunayemtuma kupigana naye ni sugu vilevile!

Suala hili si la wanaisimu pekee. Majuzi mkulima mmoja wa matikiti aliniuliza: "Prof, niliambiwa mbegu hii ni sugu kwa magonjwa. Mbona shamba limekauka nikikaribia kuvuna?" Karo ya wanawe ilikuwa humo shambani. Nilimwambia kwamba huenda mbegu ilifanya kazi yake yote. Neno alilouziwa ndilo lililoahidi makubwa kuliko mbegu yenyewe.

Hebu tuchimbe chini kidogo. Maadui wakubwa wa tikiti hukaa udongoni. Mmoja wao ni kuvu iitwayo Fusarium oxysporum. Huingia kupitia mizizi, ikaziba mishipa inayopandisha maji, na mmea ukanyauka hata kama udongo una unyevu. Kuvu hii ina makundi, na kila kundi lina mmea wake. Linaloshambulia tikiti la kawaida huitwa melonis, na kwenye pakiti za mbegu hufupishwa Fom. Linaloshambulia tikitimaji huitwa niveum, kifupi chake Fon. Tofauti ni herufi moja tu, nasi Wakenya twayaita matunda yote mawili 'tikiti'! Mteja asipokuwa makini, atanunua ngao ya vita visivyo vyake.

Isitoshe, kila kundi lina mbari zake. Katika tikiti, jeni iitwayo Fom-1 huzuia mbari 0 na 2, ilhali Fom-2 huzuia mbari 0 na 1. Mbari nyingine, 1.2, huzishinda jeni zote mbili. Mmea wenye jeni hizi ninauita mkinzani: humzuia adui aliyetajwa asikue wala kuenea ndani yake. Akija adui mwingine, mlango u wazi.

Kuna adui wa pili ambaye jina lake lingemfurahisha mwanaisimu yeyote: Monosporascus cannonballus. Sehemu ya kwanza yasema 'kifuko chenye kijimbegu kimoja'. Ya pili yakifananisha kijimbegu hicho na tufe la mzinga. Kuvu hii ilielezwa na wanasayansi mwaka 1974, kutokana na mizizi ya matikiti ya jimbo la Arizona, Marekani. Hila yake ni kusubiri. Huila mizizi polepole, na matunda yanapokuwa makubwa na kuhitaji maji mengi, mizizi iliyobaki haiwezi kuyatosheleza. Mashina huporomoka wakati wa mavuno ukibisha hodi.

Awali wakulima wakubwa ng'ambo walifukiza udongo kwa gesi ya methili bromidi. Gesi hiyo huharibu tabaka la ozoni, na chini ya Mkataba wa Montreal matumizi yake mengi yakasitishwa. Ikabidi watafiti warudi kwenye mmea wenyewe. Kule Texas na Uhispania, waling'oa matikiti, wakaosha mizizi na kupima urefu na matawi yake. Tikiti moja lililowavutia Wahispania laitwa Pat 81; mizizi yake ina matawi mengi, na sehemu ya nguvu zake imo humo. Mmea wa namna hii unaweza kuingiwa na kuvu na bado ukawa na mizizi ya kutosha kunywesha matunda. Huo nauita ustahimilivu: adui yumo ndani, lakini mavuno yanapatikana.

Mara nyingi nguvu hizo hutoka kwa jamaa wasiothaminiwa. Mwaka 1911 Mmarekani W. A. Orton alitoa tikitimaji liitwalo Conqueror, lililohimili mnyauko. Alilipata kwa kulizalisha tikitimaji tamu na jamaa yake asiyelika. Baniani mbaya, kiatu chake dawa.

Basi napendekeza tugawe kazi. 'Sugu' tumwachie adui: kimelea sugu, ugonjwa sugu. 'Ukinzani' uwe uwezo wa mmea kumzuia adui fulani. 'Ustahimilivu' uwe uwezo wa kuzaa licha ya kuambukizwa. 'Kinga kamili' tuliseme pale tu ambapo maambukizi hayawezekani kabisa. Hata alama HR kwenye pakiti, inayomaanisha ukinzani wa juu, haiahidi kinga kamili. Adui akizidi, dalili zaweza kuonekana. IR ni ukinzani wa wastani, na dalili zake huweza kuwa nyingi zaidi.

Pakiti nyingi zimeandikwa Kiingereza, na anayezifasiri ni kijana wa agroveti. Akisema tu 'hii ni sugu', mkulima amuulize: Ni ya tikiti au tikitimaji? Inakinza kuvu gani, mbari gani? Inakinza au inastahimili? Nasi walimu wa Kiswahili tuna wajibu wa kumpa maneno ya kuulizia, kabla hajafungua pochi.