Mdundiko: anayejifunza aanze na miguu

Ukisikia ngoma inapita mtaani na watu wanaifuata, huo ni mdundiko. Asili yake ni kwa Wazaramo, na kutoka kwao hadi Ngerengere ni safari ya treni tu, kwa reli iliyofika Morogoro mwaka 1907.

Wengi wanaojifunza huanza na kiuno, ndipo wanapochoka mapema. Anza na miguu. Ngoma hii inatembea, nawe utembee nayo: hatua fupi, magoti yalegee. Tembea tu bila madoido mpaka unyayo uguse chini pamoja na mdundo mzito. Kiuno kitafuata chenyewe.

Marekani kuna dansi ya jozi 4 zinazojipanga pembe nne, na mtu mmoja hutangaza kwa sauti hatua inayofuata. Kwenye mdundiko hakuna mtangazaji. Mpigaji akibadili mdundo, hiyo ndiyo amri. Kwa hiyo kaa karibu na ngoma. Mkiani mwa msafara utasikia vigelegele na kusukumana zaidi kuliko mdundo, na mara nyingi huko ndiko anakotupwa mgeni.

Jambo zito ni shughuli yenyewe. Mdundiko mara nyingi husindikiza mwali anayetolewa, au harusi. Wenye shughuli ndio wenye ngoma, hivyo waombe ruhusa kabla ya kuingia, na usijitokeze mbele ya mwali ukamfunika. Nyimbo za ndani, zile za makungwi, usiombe kufundishwa barabarani.

Na viatu vya kufunga tafadhali. Ndala huishia njiani.