Jengo jipya, je, faili la mtoto limefika?

Hospitali ya familia ikifungua jengo jipya, usitazame vigae tu. Mwaka 1889, katika mji mdogo wa Rochester, Marekani, Dk. William Worrall Mayo na wanawe wawili walianza kutibu katika hospitali ya masista yenye vitanda 27. Wagonjwa wakaongezeka, madaktari pia, lakini kila daktari aliandika katika daftari lake. Mwaka 1907 Dk. Henry Plummer akaanzisha faili moja kwa kila mgonjwa, linalomfuata popote.

Nawe mzazi, mtoto akihamishiwa wodi mpya, uliza: Faili lake limefika? Dawa zinazomdhuru zimeandikwa? Dozi ya mwisho alipewa saa ngapi? Asiyejua hayo anaweza kurudia dawa iliyomdhuru jana.